Tone Kwenye Uji wa Karanga

Asubuhi Shamsia alipotoka chumbani kwa miguu yake mwenyewe, akavuka ua mpaka bombani, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Jirani yao Hadia alikuja mbio bila hata kuvaa viatu. Rahim, mwana wa Shamsia, mwanamume mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki, alilia hadharani na hakujali nani anamwona. Agape, mke wa Rahim, alipiga vigelegele kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaingia jikoni, akarudishia mlango, akakaa kwenye kigoda peke yake.

Furaha alikuwa nayo, tusimsingizie. Alimpenda mama mkwe wake kuliko wengi wanavyowapenda mama zao wa kuwazaa. Ila alijua jambo ambalo wale waliokuwa wakishangilia uani hawakulijua.

Agape alizaliwa Mishamo, makazi ya wakimbizi, katika familia ya Warundi waliopewa uraia, na alikuwa mlokole wa kutoa machozi kwenye maombi. Rahim alikuwa Mwislamu wa Mpanda mjini. Walifunga ndoa ya bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, na ndugu wa pande zote mbili wakanuna. Abdillah, mjomba wa Rahim, alisema waziwazi kwamba siku mwanamke huyo atakapoanza kuwapitishia ulokole wake nyumbani, arudishwe kwao siku hiyohiyo. Aliyemtetea ni Shamsia. Agape alipofika Ilembo, mtaani kwao, na sanduku lake, Shamsia alimshika mkono, akampeleka jikoni kabla hata ya kumwonyesha chumba, akamwekea sufuria mbele yake.

"Sikia, mwanangu. Dini ni yako, sikugusi. Nenda kanisani kwako, imba, lia, hiyo ni wewe na Mungu wako. Ila sufuria ni moja. Humu ndani kisiingie kitu ambacho mimi sikijui. Unaniahidi?"

"Naahidi, mama."

Na aliitimiza ahadi ile. Nyama alinunua kwa mchinjaji wa Kiislamu tu. Mwezi wa Ramadhani alipika futari bila kuonja, akikisia chumvi kwa harufu, na waliotaka kumtafutia kosa walitafuta mpaka wakachoka. Shamsia alikula chakula cha mkwe wake na kukisifia mtaani kwa namna iliyowaudhi wenye wakwe wavivu.

Kisha Shamsia akaugua. Baada ya Idi miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kukatikakatika. Hospitali walisema ni moyo, wakampa vidonge. Shehe Tamimu alikuja mchana kweupe, akabisha hodi, akamwuliza mgonjwa kama angependa kusomewa dua, na mgonjwa akaitikia kwa kichwa. Wiki zikapita. Shamsia akazidi kuwa mdogo pale kitandani. Ndipo Agape, roho juu, akamwendea Mchungaji Yotham wa kanisa lake, na mchungaji akampa kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Mafuta ya upako. Amtilie tone moja kwenye uji kila asubuhi, kwa imani, wala asimwambie, maana moyo wenye shaka huzuia muujiza.

Shamsia alipenda uji wa karanga, na uji wa karanga una mafuta yake juu. Tone moja likizidi, nani ataliona? Mara ya kwanza mkono wa Agape ulitetemeka, tone likaangukia kwenye mkaa likalia. Baadaye mkono ukazoea, na hilo ndilo baya zaidi. Jioni alimkanda mama mkwe miguu huku akiomba chinichini kwa Kirundi, lugha aliyoombea tangu utoto, naye Shamsia alifumba macho kama mtu aliyelala.

Sasa Shamsia alikuwa amesimama. Daktari angesema ni vidonge, Shehe Tamimu angesema ni dua, Hadia aliapa kwamba ni supu yake ya kuku. Agape alikuwa na jibu lake, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa mchungaji. Alhamisi, kwenye maombi, akamwambia.

Mchungaji Yotham aliruka kwa furaha. Kisha akasema alichokuwa anakiogopa Agape: "Jumapili utashuhudia."

Kanisa lile lilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipuuza. Aliyetendewa jambo na Bwana husimama mbele, hushika kipaza sauti, huwaambia watu. Asiposhuhudia, alichopewa hurudi kilikotoka. Agape aliliamini hilo kama anavyoamini kwamba moto unaunguza. Na spika za kanisa zilifungwa juu ya mlingoti, mdomo wazi, zikiitazama nyumba ya Shamsia ng'ambo ya shamba dogo la mahindi. Kila Jumapili mapambio yaliingia mpaka chumbani, na Shamsia alikuwa akimtania Agape kwamba yeye husali kanisani akiwa kitandani kwake bila kupenda.

"Mchungaji, siwezi. Watasikia nyumbani," Agape alisema.

"Ndiyo vizuri, wasikie!"

"Nitaachwa. Mjomba Abdillah anangoja neno moja tu kama hilo."

"Dada Agape, nikuulize. Unataka yule mama aishi?"

"Nataka."

"Yule mzee wa Usevya unamkumbuka? Alipona tumbo, akaona haya kushuhudia kwa ajili ya ndugu zake. Tulimzika kabla ya mavuno. Mimi sikutishi. Nakwambia nilichokiona."

Mchungaji Yotham hakuwa mtu mbaya. Alifunga kula kwa ajili ya watu ambao hata hawakumjua jina. Ila alikuwa na haraka na roho za watu, na mtu mwenye haraka ya namna hiyo husahau kubisha hodi. Agape alirudi nyumbani miguu mizito.

Jioni ile, alipomkanda Shamsia, kidole chake kilizama kwenye nyama ya mguu kikaacha shimo. Uvimbe ulikuwa unarudi. Kwa kweli Shamsia alikuwa hajakaa chini tangu alipoinuka. Kila siku alizunguka, mara kwa Hadia, mara sokoni, mara dukani kwa Rahim kuwakaripia wateja waliokuwa wakigusagusa vitu. Muuguzi yeyote angemwambia apumzike. Lakini Agape hakumfikiria muuguzi. Alimfikiria mzee wa Usevya.

Akisema, anapoteza nyumba. Akinyamaza, anamzika mama. Hivyo ndivyo alivyoyaona mambo, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha vingine, kwa kuwa mtu pekee ambaye angemshauri ndiye huyo aliyekuwa akikandwa miguu.

"Mbona mikono yako ya baridi leo?" Shamsia aliuliza.

"Nimetoka kufua, mama."

Uongo wa kwanza wa mdomo, baada ya uongo mwingi wa mkono.

Wazo lilimjia Jumamosi akipepeta mchele, akalishangilia kama msaada uliotumwa. Atashuhudia kwa Kirundi! Waumini wa kutoka Mishamo walishuhudia hivyo mara kwa mara. Nyumbani, Rahim alijua "amahoro", yaani amani, na neno la kumkaribisha mtu chakula, basi. Shamsia aliwahi kuuza chumvi na sabuni Mishamo enzi za ujana wake, lakini wafanyabiashara wa mjini wote walitumia Kiswahili kule, na Agape hakuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kirundi. Mungu angesikia, ugonjwa usingerudi, nyumba ingebaki. Alijiona mjanja, masikini.

Jumapili alipika uji mapema, akatia tone lake, akaumimina kwenye chupa ya chai na kuuacha mezani kama kawaida. Shamsia alikuwa uani na Hadia, wakichambua maharage.

"Niombeeni na mimi huko," Shamsia alisema kwa utani, kama alivyosema kila Jumapili.

"Sawa, mama," Agape akajibu, na hakuweza kumtazama usoni.

Ilipofika zamu yake, alisimama mbele akiwa na kipaza sauti kilichokuwa kizito kama jiwe la kusagia. Onesphore, mtafsiri wa kanisa, akainuka na kuja kusimama kando yake, kama ilivyokuwa kazi yake kila Mrundi anaposhuhudia. Agape hakuwa amelikumbuka hilo. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Kaka Onesphore, nakuomba. Usinitafsiri."

"Na hawa wengine watasikiaje?"

"Mungu atasikia. Nakuomba, kaka. Nyumba yangu iko hapo nyuma."

Onesphore alimtazama mchungaji. Mchungaji alikunja uso. Kanisa zima lilikuwa likingoja, na nje spika zilikuwa zikitoa ule mlio wa kipaza sauti kisichosemewa. Mwisho Mchungaji Yotham akapunga mkono, Onesphore akarudi kukaa.

Agape akasema. Alisema yote, maana aliamini kwamba ushuhuda wa nusu huleta uponyaji wa nusu. Alisema mama yake mkwe ni Mwislamu, amemtilia mafuta ya upako kwenye uji kila asubuhi bila yeye kujua, na Bwana amemwinua kitandani. Waumini wa Mishamo wakapiga makofi na kulia. Naye akalia, na kilio kile kilikuwa cha kweli.

Alipokwisha kukaa kwenye benchi, Mchungaji Yotham akashika kipaza sauti, akashindwa kujizuia. Akapaza kwa Kiswahili: "Mungu anaponya hata wasiomjua! Hapa hapa Ilembo! Hata wasioomba wanapokea!" Agape alihisi benchi linazama. Hakuna jina lililotajwa, akajiambia. Ilembo ni kubwa. Akajikaza mpaka ibada ikaisha, akavuka shamba la mahindi akisikiliza kama kuna kelele nyumbani.

Hakukuwa na kelele. Hadia alikuwa ameondoka, na Rahim alikuwa bado hajarudi. Shamsia alikuwa peke yake sebuleni, miguu imewekwa juu ya stuli, na mbele yake chupa ya chai. Agape aliinua ile chupa aondoe vyombo. Ilikuwa nzito. Uji haukuguswa.

"Mama, hujanywa?"

"Nilikuwa nakungoja. Nimiminie."

Agape akammiminia. Mafuta yakajikusanya juu ya uji kwenye kikombe, yakimeremeta kwa mwanga wa dirishani. Shamsia alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akainua macho.

"Urakoze, mwana wanje," alisema.

Asante, mwanangu. Kilikuwa Kirundi safi, tena Kirundi cha kule Mishamo, chenye ule mvuto wa wazee. Agape alibaki amesimama na kifuniko cha chupa mkononi. Shamsia akaendelea kwa lugha ileile, polepole, bila kupandisha sauti. "Na leo umetia?"

Agape akakaa chini sakafuni.

"Umetia au hukutia?"

"Nimetia, mama."

Shamsia akakiweka kikombe mezani. Akarudi kwenye Kiswahili, kana kwamba ile lugha nyingine ilikuwa kitu cha kazi alichokimaliza kukitumia.

"Nilizunguka Mishamo na baiskeli kabla wewe hujazaliwa. Wateja walikuwa wanashauriana bei mbele yangu kwa Kirundi, wakidhani sisikii. Nikajifunza kusikia, na nikajifunza kunyamaza. Ulipokuja hapa sikukwambia. Nilitaka kujua unaninenaje ukiongea na mama yako kwenye simu." Akavuta pumzi, ilikuwa fupi. "Tangu uje nimekusikiliza. Hujawahi kunisema vibaya hata siku moja. Hata nilipokugombeza bure. Ndiyo maana nilikuwa nakula chakula chako nimefumba macho."

Agape alianza kulia.

"Usilie kwanza. Maombi yako ya jioni nayo niliyasikia. Unanikanda, unaniombea kwa Yesu wako. Sikukukataza. Nilisema moyoni, huyu mtoto ananipenda, acha aombe. Maneno yanapita sikioni, nikitaka nayapokea, nisipotaka nayaacha. Lakini uji, Agape! Uji mimi nilikuwa nafungua mdomo mwenyewe, nikikuamini."

"Nilitaka upone, mama. Ulikuwa unakufa."

"Najua."

"Ningekwambia ungekataa!"

"Ndiyo," Shamsia alisema. "Ningekataa. Kwani we ulidhani kumwuliza mtu maana yake nini?"

Agape alitafuta jibu, akapata moja tu, akalitoa kwa uchungu wa mtu aliyebanwa ukutani. "Na wewe, mama, ulikuwa unanisikiliza bila mimi kujua."

Shamsia uso ukamwiva kwa aibu, na aibu haikuwa kitu alichokizoea. "Kweli," alisema. "Hilo ni langu. Silikatai. Ila mimi nilikusikiliza nikupende. Wewe ulinipenda ukasahau kwamba nipo."

Mlangoni pikipiki ilizima. Rahim.

Agape alijifuta macho kwa kanga haraka haraka, akabaki hapohapo sakafuni. Neno moja tu la Shamsia lingetosha. Rahim alimpenda, lakini Rahim alikuwa mtu wa hasira za ghafla, na mjomba Abdillah alikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Rahim aliingia akipangusa grisi mikononi, akawatazama wote wawili, kisha kikombe.

"Mama, mbona uji hujanywa? Na huyu amekaa chini kuna nini? Kule dukani watu wanasema sijui mlokole gani leo kamtangaza kwenye spika mtu wa Ilembo asiye wa dini yao. Nyie mmesikia? Nani huyo?"

Agape alikaza macho kwenye kikombe.

"Hadia naye kaniuliza," Shamsia alisema. "Nikamwambia yule dada alikuwa anasema Kirundi, mimi Kirundi nakijulia wapi. Uji umepoa. Huyu anaumwa kichwa, usimsumbue. Nenda kanawe."

Rahim akaenda kunawa. Walipobaki wawili, Agape akatambaa mpaka miguuni pa mama mkwe wake. "Asante, mama. Asante."

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Nikimwambia nampoteza mkwe, na mimi bado namtaka mkwe. Ila sijui kama ninaye." Akanyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha Agape. "Kalete hicho kichupa."

Agape akakileta, akidhani kitamwagwa, na hata kwa kosa lake hakuweza kuvumilia kuona kikimwagwa. Shamsia hakukigusa.

"Ni kitu cha ibada yako, siwezi kukitupa. Kirudishe. Lakini kiweke juu ya meza yako, pale Rahim anapokiona. Akiuliza ni nini, mwambie mwenyewe ni nini. Hiyo ndiyo kazi yako, mimi sitakusaidia."

Asubuhi yake Agape aliwasha jiko akiwa amevimba macho. Hajakaa sawa, akasikia kigoda kikiburutwa uani. Shamsia alikuja kidogo kidogo, akishika ukuta, akakiweka kigoda mlangoni mwa jikoni, akakaa. Miguu yake ilikuwa imevimba kuliko jana, ngozi imevutika inang'aa. Agape aliiona, na mzee wa Usevya akamrudia kichwani.

Akainua sufuria kuonyesha kuwa ni tupu.

"Maji, mama."

"Naona."

"Unga wa ulezi."

"Naona."

"Karanga. Nimezisaga mwenyewe jana."

"Naona."

Alikoroga mpaka uji ukaiva, mgongo ukimwuma kwa yale macho. Hakuna kilichomwumiza zaidi maishani mwake kuliko kusema "sukari" kwa mama yule aliyekuwa akila kutoka mkononi mwake bila kutazama. Akammiminia. Shamsia akaunusa, akaupuliza, akanywa mpaka nusu.

Agape akapiga magoti, akaichukua ile miguu akaiweka mapajani kama kila siku. Ilikuwa ya moto. Maneno ya Kirundi yakampanda mpaka kwenye meno, yenyewe, bila kuitwa. Akayazuia. Akainua uso.

"Mama, naomba nikuombee?"

Shamsia akaitazama miguu yake, naye aliiona jinsi ilivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa, na alilipa swali haki yake yote.

"Leo hapana," alisema.

Agape akainamisha kichwa, akafunga mdomo, akaanza kumkanda.